Sikio la Fundi kwenye Reli ya TAZARA

Reli hii ya kilomita 1,860, kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia, ilijengwa kati ya 1970 na 1975 kwa mkopo wa China usio na riba. Upana kati ya vyuma vyake viwili ni milimita 1,067. Ukitanuka kwenye kona, behewa lililosheheni shaba linaweza kuacha njia.

Sehemu ngumu kuliko zote ni Mlimba hadi Makambako, mji ulioko mkoani Njombe. Hapo reli hupanda kutoka bonde la Kilombero kwa mahandaki na madaraja, na mvua hula tuta. Hakuna kinachochukua nafasi ya mtu anayetembea juu ya mataruma akikagua nati moja moja.

Gurudumu nalo hukaguliwa, na kipimo chake cha zamani ni nyundo: zima hulia kama kengele, lenye ufa hutoa mlio butu.