Kelele za miguu ya mbele ya gari

Kelele za miguu ya mbele ni mlio wa kugongagonga unaotoka kwenye shokapu, stabilaiza, boljointi, bushi au breki, hasa katika gari lililotumika miaka mingi. Katika uwanda wa juu wa Ufipa, mkoani Rukwa, barabara kuu kutoka Sumbawanga hadi Tunduma ina lami, lakini njia nyingi za vijijini ni za udongo na changarawe. Mtikisiko wa njia hizo hulegeza nati na kula bushi, na matope ya masika hupenya kwenye mipira ya boljointi iliyochanika na kuharibu grisi. Chuma husafirisha sauti, hivyo mlio unaweza kusikika mbali na unapotoka. Kwa sababu hiyo ubovu haufai kutafutwa kwa sikio tupu wala kwa kununua vipuri, bali kwa kubadilisha mzigo unaobebwa na kila kiungo na kuangalia mlio unafanyaje.

Gurudumu moja likipanda jiwe, stabilaiza hujipinda na kuvuta linki zake. Magurudumu yote mawili yakipanda tuta kwa pamoja, haijipindi sana. Mlio unaotokea katika hali ya kwanza pekee huelekeza kwenye linki. Zikifunguliwa pande zote mbili, gari likaendeshwa polepole mahali tambarare na mlio ukakoma, ushahidi umepatikana. Mlio unaokoma breki ikiguswa kidogo huonyesha pedi zilizolegea. Boljointi nayo hupimwa ikiwa imepunguziwa mzigo: pale springi inapokalia amu ya chini, jeki huwekwa chini ya amu hiyo, la sivyo springi huibana boljointi na kuficha uchakavu.

Wapo wanaoona ni nafuu kubadilisha shokapu moja kwa moja kuliko kulipia muda wa fundi. Hoja hiyo ina uzito shokapu ikivuja mafuta, lakini shokapu mpya haiponyi linki iliyochakaa. Tena, wakati wa kubadilisha vipuri, bushi nyingi za mpira zikikazwa gari likiwa limening'inia, hubaki zimesokotwa likishushwa, na huchanika mapema. Wengine husema mlio uliozoeleka hauna madhara. Linki mbovu huvumilika kwa muda. Boljointi ikichomoka, gurudumu hulala na usukani hauliongozi tena. Katika miteremko ya Lyamba lya Mfipa, kutoka mita 1,800 hivi za Sumbawanga hadi mita 800 hivi za Ziwa Rukwa, hilo ni suala la uhai. Kwa kuwa sikio haliwezi kutofautisha ubovu wa linki na wa boljointi, kupima kabla ya safari ni wajibu.