Mwani katika akwariamu changa ya maji ya chumvi

Mwani wa mwanzo ni tabaka za mwani na vijidudu vinavyofanana nao, ambazo hufunika mawe, mchanga na vioo vya akwariamu ya matumbawe katika miezi yake ya kwanza. Si ugonjwa, wala si lazima uwe dalili ya uchafu. Tangi jipya lina mwanga, lina chakula majini, na mawe yake hayajapata mwenyewe. Mwani huingia kama magugu yanavyoingia shamba lililofyekwa likaachwa bila kupandwa. Kazi ya mfugaji si kuua mwani, bali ni kuhakikisha nafasi hiyo inashikwa na viumbe wengine mapema.

Wa kwanza kufika ni bakteria, ingawa hawaonekani. Kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula hutoa amonia. Bakteria huigeuza kuwa nitriti, kisha nitrati. Mzunguko huo huchukua kwa kawaida wiki 3 hadi 6 kutengemaa. Nitrati inayobaki, pamoja na fosfati, ndiyo mbolea ya yote yanayofuata.

Kati ya vinavyoonekana, vumbi la kahawia hutangulia. Hizo ni diatomu, ambazo hujijengea maganda ya silika, na silika huipata katika maji ya bomba na mchanga mpya. Zinafutika kwa kidole, na silika ikiisha huondoka zenyewe; anayehangaika nazo anapoteza muda wake. Nyuzi za kijani zinazofuata, kama Derbesia na Bryopsis, ni ngumu zaidi. Hizi hung'olewa kwa mkono au kwa mswaki huku mpira wa kunyonya maji ukiwa karibu, kwa sababu kila kipande kinachobaki majini kinaweza kuota upya.

Utando mwekundu au wa zambarau unaobanduka kama ngozi ni sianobakteria. Hupenda pembe ambako maji hayatembei, hivyo kugeuza pampu kidogo huweza kufaa kuliko dawa.

Dinoflagelata ndizo zinazowavunja watu moyo. Huonekana kama kamasi ya kahawia yenye viputo, hupungua usiku na kurudi taa zikiwaka, na baadhi, kama Ostreopsis, zina sumu inayoua konokono. Kuzitambua kwa macho ni vigumu, lakini kuna kipimo rahisi: chukua kamasi kidogo pamoja na maji ya tangi, tikisa kwa nguvu ndani ya chupa, chuja kwa karatasi ya kuchujia kahawa, kisha acha maji yaliyochujwa chini ya taa kwa saa moja hivi. Yakianza tena kushikana kuwa nyuzi, yaelekea ni dinoflagelata. Mara nyingi hulipuka katika tangi ambalo mwenyewe amelisafisha mno, nitrati na fosfati zikafika sifuri na washindani wao wote wakafa njaa. Ndiyo maana wafugaji wengi hulenga nitrati ya miligramu 2 hadi 10 kwa lita na fosfati ya 0.03 hadi 0.1, wala si sifuri.

Kwa anayetaka kuweka tangi kama hilo Bel-Air, katika komini ya Kampemba mjini Lubumbashi, bahari ya karibu iko zaidi ya kilomita 1,000. Maji ya chumvi yatatengenezwa nyumbani, takriban gramu 35 za chumvi kwa kila lita, kwa chumvi maalumu ya akwariamu. Chumvi ya kupikia haifai: haina kalsiamu wala magnesiamu ambazo matumbawe huhitaji.

Tatizo kubwa zaidi ni shaba. Mji huu ulianzishwa mwaka 1910 kwa ajili ya madini hayo, na vumbi lake halijaisha: utafiti uliochapishwa mwaka 2009, uliowashirikisha wataalamu wa vyuo vikuu vya Lubumbashi na Leuven, ulikuta kobalti na metali nyingine kwa wingi katika mikojo ya watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya Katanga, jimbo la mji huu wakati huo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unaruhusu miligramu 2 za shaba kwa lita ya maji ya kunywa. Dozi ya shaba inayotumika kutibu vimelea vya samaki wa baharini ni takriban 0.2, na hiyo tayari huua konokono, kamba na matumbawe. Maji salama kwa mtoto yanaweza basi kuwa sumu kwa tangi. Mbaya zaidi, wanaokufa kwanza ni walaji wa mwani wenyewe. Mrututu, yaani salfeti ya shaba, ambao huua mwani wa bwawa kwa bei ndogo, usikaribie kabisa tangi la matumbawe; mawe ya chokaa huinyonya shaba na kuiachia polepole baadaye.

Kwa hiyo maji yawe ya bomba au ya kisima, yapitishwe kwenye mtambo wa kuchuja kwa shinikizo na utando, kisha kwenye chembe za kuondoa ayoni, hadi kipimo cha vitu vilivyoyeyuka kisome sifuri. Shinikizo la bomba likiwa dogo, pampu ya kusukuma inahitajika. Maji ya mvua ya Novemba hadi Machi yanavutia, lakini yakipita juu ya bati hubeba zinki na vumbi la paa.

Umeme ukikatika, taa si jambo la haraka. Giza la siku 3 hutumiwa makusudi kudhoofisha sianobakteria na baadhi ya dinoflagelata, na matumbawe huvumilia. Maji yasiyotembea ndiyo hatari: oksijeni hupungua na viumbe hufa, kisha mizoga yao hulisha mwani mpya. Pampu ndogo ya hewa inayotumia betri ni ya lazima kuliko taa ya bei. Usiku wa baridi wa Juni na Julai kipasha maji nacho kinahitaji umeme wa akiba, maana tangi linataka nyuzi 24 hadi 27.

Walaji ndio udhibiti wa kudumu. Joto la bahari la mwaka 1998 lilipoua matumbawe mengi pwani ya Kenya na Tanzania, mwani ulishika mifupa iliyobaki sehemu nyingi. Samaki kama kangaja, tasi na pono ndio wanaoupunguza mwambani. Kangaja hukua na huhitaji nafasi, kwa hiyo tangi dogo huanza na konokono wa jamii ya Trochus na Turbo, wakiingizwa wachache wachache mwani ukishaonekana. Wakija kabla hawana cha kula.

Mwani chokaa, ule wa waridi na zambarau unaoganda juu ya mawe, huchukua miezi mingi kuenea. Mawe makavu yaliyosafirishwa kwa ndege hayana mbegu yake hai. Huja juu ya ganda la konokono au kitako cha tumbawe lililonunuliwa.