Usharika ukigawanyika: namna ya kuishi na jirani mliyeachana kanisani

Msikilizaji, mgogoro wa kanisa huanzia vikaoni, lakini kijijini huonekana kwanza kwenye salamu. Watu waliozoea kuambiana "Bwana Yesu asifiwe" wanaanza kupishana kisimani kimya. Baada ya hapo hufuata kufuli mbili kwenye mlango mmoja, kisha kesi. Makala haya yanaeleza chanzo cha migawanyiko hiyo, sheria inavyosema, na mambo ambayo waumini wa kawaida wanaweza kuyafanya bila kusubiri askofu.

Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, KKKT, lilizaliwa tarehe 19 Juni 1963 makanisa saba yalipoungana. Moja kati ya hayo lilikuwa la Tanganyika ya Kati, ambalo leo ni Dayosisi ya Kati yenye makao yake hapa Singida. Tangu hapo dayosisi zimeongezeka hadi kupita 20. Pare, kwa mfano, ilipata dayosisi yake mwaka 1975 kutoka Dayosisi ya Kaskazini. Kwa hiyo kuomba dayosisi mpya si uasi. Ndivyo kanisa hilo lilivyokua.

Waumini wa Meru, mkoani Arusha, nao walikuwa chini ya Kaskazini na walitaka dayosisi yao. Kati ya mwaka 1990 na 1993 jambo hilo liligeuka kuwa vita vya majirani. Nyumba zilichomwa, migomba na mikahawa ikakatwa, na watu wakapoteza maisha. KKKT ilipata Dayosisi ya Meru mwaka 1992, lakini wengine hawakurudi. Walianzisha kanisa lao, linalojulikana kama AMEC.

Tazama kilichogombaniwa. Pande zote zilikuwa na Katekisimu ileile ya Luther na ubatizo uleule. Waligombana juu ya nani aongoze, sadaka ziende wapi na jengo ni la nani. Mimi naona ni kosa kuuita ugomvi wa namna hiyo vita vya imani, kwa sababu ukishauita hivyo kila upande unajiona unamtetea Mungu, na anayemtetea Mungu hataki kukaa mezani na mtu.

Jengo ni la nani?

Hapa pana uchungu mkubwa. Mama aliyebeba maji ya kufyatulia tofali, na mzee aliyeuza mbuzi ili mabati yanunuliwe, wanaamini kanisa ni lao. Kisheria, kiwanja na jengo kwa kawaida huandikishwa kwa jina la bodi ya wadhamini, iliyosajiliwa chini ya Sheria ya Unganisho la Wadhamini, Sura 318. Kundi linalotoka, hata likiwa kubwa, haliondoki na jengo kwa wingi wake. Katiba ya nchi, ibara ya 19, inaweka uendeshaji wa jumuiya za dini nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Lakini mali ni jambo la mahakama, na kufanya fujo wakati wa ibada ni kosa la jinai.

Kabla ya kufika huko, wazee wa pande zote wanaweza kuandika pamoja orodha ya mali: viti, kinanda, vyombo vya Chakula cha Bwana, fedha zilizopo benki. Kila upande ubaki na nakala yenye saini. Daftari la ubatizo liangaliwe kuliko vyote. Mtoto atahitaji cheti chake siku ya kipaimara na siku ya ndoa, na yeye hakuwepo kwenye kikao chochote. Anayeshika daftari atoe cheti kwa yeyote ambaye jina lake limo.

Msiba haungoji kikao

Msiba ndio mahali ambapo wengi huumizana. Marehemu alikuwa upande mmoja, watoto wako upande mwingine, na wachungaji wawili wamefika na kanzu zao. Familia ikubaliane usiku wa kwanza nani ataongoza ibada, na ijulikane kabla ya jeneza kutoka ndani. Upande wa pili uchimbe kaburi, uchote maji, ulete unga na rambirambi kama zamani. Kwaya zichague nyimbo ambazo wote wanazijua. Mahubiri yasiwe na mafumbo kuhusu waliotoka. Kila mtu makaburini huelewa anasemwa nani.

Kutokubaliana waziwazi kunawezekana bila kuvunja kikao. Waanglikana, ambao mkoani kwetu wana dayosisi yenye makao Manyoni, walionyesha hilo Februari 2007. Maaskofu wao wakuu kutoka duniani kote walikutana Dar es Salaam wakiwa wamegawanyika kuhusu Kanisa la Marekani, lililomweka wakfu mwaka 2003 askofu aliyekuwa akiishi na mwenzi wa kiume. Walipokwenda kusali Zanzibar, katika kanisa kuu la Mkunazini lililojengwa palipokuwa soko la watumwa, baadhi yao hawakushiriki meza ya Bwana pamoja na kiongozi wa Kanisa la Marekani. Hata hivyo walirudi kikaoni na kutoa tamko la pamoja. Mgawanyiko haukuisha, na hakuna aliyedai umeisha.

Linabaki suala la wanaotaka kurudi. Walutheri wana utaratibu wa kurudi kundini, ambapo mtu hukiri mbele ya usharika. Utaratibu huo unamfaa aliyeanguka dhambini. Lakini mwanamke aliyemfuata mumewe kwenye kanisa jipya atakiri nini hasa? Akisimamishwa mbele kama mkosaji, jamaa zake waliobaki nje watasita kumfuata. Mazungumzo ya faragha na mchungaji pamoja na wazee yatafaa zaidi, kisha jina lake lirudishwe kwenye orodha. Watoto wake waliobatizwa huko kwa maji, kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu, hawabatizwi tena.