Mtoto wa Tatu wa Mahuta

Bibi yangu mzaa mama ana kipara kidogo utosini, duara lisiloota nywele, kubwa kidogo kuliko sarafu ya shilingi mia mbili. Hulificha kwa kitambaa. Nilipokuwa mdogo nilidhani ni mapunye, nikaogopa kuambukizwa. Siku moja akacheka, akaniambia, "Hapo ilikaa ngata, mjukuu wangu. Miaka yote hiyo."

Sasa nasoma shahada ya uzamili ya historia, na kwa muda nimekuwa nikipekua maandishi kuhusu afya ya wanawake wa Masasi na Newala. Nimekuta hospitali za misheni, wakunga, mizani ya kupimia watoto. Kipara cha bibi sijakikuta. Nimeanza kuamini kwamba tunaitafuta historia hii kwenye majengo, ilhali sehemu kubwa ilitokea njiani, kati ya kijiji na kisima.

Anza na hadithi ya asili ya Wamakonde. Karl Weule, Mjerumani wa makumbusho ya Leipzig aliyefika Newala mwaka 1906, aliiweka kwenye kitabu chake. Kiumbe mmoja alitoka porini, hajawahi kuoga wala kunyoa. Akachonga sanamu ya mti, akaisimamisha nyumbani kwake, na usiku ikageuka mwanamke. Wakateremka kuoga Ruvuma, na huko mwanamke akajifungua mtoto mfu. Wakahama, wakavuka nyanda za juu hadi bonde la Mbwemkuru. Mtoto wa pili naye akazaliwa mfu. Ndipo wakarudi juu, kwenye vichaka vya Mahuta, na mtoto wa tatu akaishi. Wazao wao wakausiwa wasijenge mabondeni, karibu na maji, kwa kuwa huko ndiko yanakokaa magonjwa na mauti.

Wengi huikumbuka kwa sababu ya ile sanamu, maana dunia inawajua Wamakonde kwa uchongaji. Mimi naisoma kama simulizi ya uzazi. Mwanamke amepoteza watoto wawili, na familia inabadilisha makazi kwa sababu hiyo. Ni mwaka 1897 tu ambapo Ronald Ross alionyesha kwamba mbu hubeba malaria, lakini watu wa uwanda huu walikuwa tayari na kanuni yao: kaa mbali na maji, mtoto atapona. Sidai kwamba homa ndiyo sababu pekee ya kukaa juu. Karne ya 19 ilikuwa na wateka watumwa na uvamizi wa Wangoni, ambao mwaka 1882 waliishambulia hata misheni ya Masasi, na vichaka vya Umakonde vilikuwa maficho mazuri. Ila hadithi yenyewe haitaji vita. Inataja watoto waliokufa.

Nilimsomea bibi nikidhani nitamfurahisha. Alikuwa anapepeta choroko. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Na maji ya kumwogesha huyo mtoto wa tatu, aliyaleta nani?"

Hilo Weule hakuliuliza hivyo, ingawa aliuona umbali wa maji. Newala iko zaidi ya mita 700 juu ya usawa wa bahari, na udongo wake wa kichanga hunywa mvua yote. Maji huzama, kisha hutokeza chini, kwenye chemchemi za mabondeni. Ukisimama Shimo la Mungu, pale uwanda unapokatika ghafla, unaelewa kwa macho: maji yako kule, watu wako huku, na katikati kuna mteremko ambao kurudi kwake ni mlima. Kanuni ya mababu ilimlinda mtoto. Gharama yake ililipwa kwa shingo za wanawake.

Nayo ililipwa umri kwa umri. Bibi anasema alianza na kibuyu kidogo kabla hajang'oka meno ya mbele. Alipotoka unyagoni, mwali mzima, alipewa chombo cha mtu mzima, na hapo hakukuwa na kurudi nyuma. (Yapo mafunzo ya unyagoni ambayo amekataa niyaandike, na sitayaandika. Weule alizishuhudia ngoma za wasichana na akarekodi nyimbo kwa fonografu. Kwangu mimi, kuona ngoma si kuingia ndani.) Akiwa mjamzito alipunguza safari, hakuziacha. Walitoka alfajiri ya kwanza, wanawake kadhaa pamoja, kwa sababu kisima hujaa usiku na anayechelewa hukuta tope. Debe moja ni lita 20, yaani kilo 20 juu ya utosi, na wakati mwingine mtoto mgongoni. Baada ya kujifungua alipumzika kwa kadiri ya wingi wa dada zake. Siku hizi tungeita likizo ya uzazi. Yeye anaita kuwa na ndugu.

Huduma za hospitali zilikuja na misheni. Waanglikana waliofika Masasi mwaka 1876 walijenga hatua kwa hatua, na mwaka 1935 daktari Leader Stirling alianza upasuaji Lulindi. Baadaye akawa Waziri wa Afya wa Tanzania. Sitaki kuibeza kazi hiyo, kwani kuna wanawake walio hai kwa sababu ya kisu cha Lulindi. Lakini kliniki, ya misheni na hata ya serikali baadaye, ilimjua mwanamke akiwa na mimba au akiwa na mtoto mchanga. Kadi ya mtoto inapofungwa akifika miaka mitano, mama naye anatoka kwenye daftari. Bibi aliendelea kubeba maji kwa miongo baada ya daftari hilo kufungwa. Shingo inayouma, kiuno kisichonyooka, goti linalolia kwenye mteremko: haya aliyaita uzee akiwa bado na miaka arobaini.

Miaka ya 1950 ulianza mradi wa kuyasukuma maji kwa mashine kutoka bondeni, yakauzwa kwenye vioski huko juu. Mwaka 1971 serikali ya Nyerere iliahidi kwamba ifikapo 1991 kila mwanakijiji atapata maji ndani ya mita 400. Wafini wakaja kusaidia Mtwara na Lindi. Katika maandishi niliyosoma, hesabu ni za mabomba na pampu. Hakuna safu ya usingizi, ingawa bibi akisimulia mwaka ule bomba lilipofika kijijini kwao, jambo la kwanza analotaja ni kulala hadi kunapambazuka. La pili, kwamba mpango huo haukudumu. Mashine ilinyamaza, na wanawake wakarudi mteremkoni.

Desemba iliyopita nilikuwa kwake. Maji ya bomba yalikuwa hayajatoka siku ya nne. Binti wa mjomba, mwenye miaka saba, alichukua kidumu cha lita tano kwenda kwa jirani mwenye kisima cha mvua. Bibi akamwita, akavua kitambaa kichwani, akaanza kukisokota kuwa ngata. Akasita. Akakifunga tena kichwani mwake.

"Kibebe mkononi," akamwambia. "Ukichoka, kaa chini."