Kati ya Shujaa na Msaliti: Uhakiki wa Sifa na Upendeleo wa Wilfred Burchett kama Chanzo cha Historia ya Vita

1.0 Utangulizi

Wilfred Burchett, mwandishi wa habari za vita kutoka Australia, alizaliwa Melbourne mwaka 1911 na kufariki Sofia, Bulgaria, mwaka 1983. Kwa takribani miaka arobaini aliripoti vita vya Pasifiki, vya Korea na vya Vietnam, na katika miaka yake ya mwisho aliandika pia kuhusu harakati za ukombozi za Kusini mwa Afrika. Ni waandishi wachache wa karne ya 20 ambao sifa zao zimegawanyika kiasi hicho. Kwa kundi moja la wataalamu, Burchett ni mtu aliyethubutu kuueleza ulimwengu mambo ambayo majeshi makubwa yalitaka yafichwe. Kwa kundi la pili, ni mpiga propaganda aliyeiweka kalamu yake chini ya dola za kikomunisti. Mkusanyiko uliohaririwa na Ben Kiernan (1986) unawakilisha mwelekeo wa kwanza, na maandishi ya Robert Manne, kuanzia mwaka 1985, yanawakilisha wa pili. Tom Heenan (2006), katika wasifu wake, ameonyesha jinsi taswira ya usaliti ilivyojengwa ndani ya siasa za Australia wakati wa Vita Baridi.

Makala haya hayakusudii kuchagua kundi moja kati ya hayo. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba pande zote mbili zimemhukumu mtu mzima kwa mkupuo mmoja, ilhali kinachomkabili mwanahistoria ni ripoti moja moja. Ripoti ya mwandishi mwenye upendeleo inaweza kuwa sahihi, na ripoti ya mwandishi anayesifiwa kwa kutoegemea upande inaweza kuwa ya uongo. Kwa hiyo, ni lazima kitafutwe kipimo kingine.

2.0 Upendeleo, usahihi na uhuru wa mashahidi

Wahenga walisema kwamba kila mwamba ngoma huvutia ngozi kwake. Methali hii inakubali kwamba upendeleo ni hali ya kawaida ya mtu anayefanya kazi, lakini haisemi kwamba ngoma iliyowambwa hivyo haitalia. Katika uhakiki wa vyanzo, upendeleo hueleza kwa nini mwandishi alichagua kwenda mahali fulani na kuuliza maswali fulani. Peke yake, upendeleo hauthibitishi kwamba jambo alilolieleza halikutokea.

Makala haya yanatumia maswali matatu. Kwanza, je, mwandishi aliliona jambo mwenyewe? Pili, ni nani aliyemfungulia mlango, na je, mtu huyo alikuwa na uwezo wa kuufunga? Tatu, watu waliozungumza naye walikuwa huru kusema vinginevyo? Swali la tatu halijapewa uzito unaostahili katika mjadala kuhusu Burchett, nalo ndilo linalotenganisha kwa uwazi zaidi ripoti zake zilizosimama na zile zilizoanguka.

3.0 Hiroshima, 1945

Burchett alifika Hiroshima tarehe 3 Septemba 1945, siku moja baada ya Japani kutia saini hati ya kusalimu amri. Alisafiri kwa treni kutoka Tokyo bila kusindikizwa na maofisa wa jeshi la Marekani, wakati waandishi wengi walikuwa wamekusanyika kushuhudia sherehe ya utiaji saini. Gazeti la Daily Express la London lilichapisha ripoti yake tarehe 5 Septemba. Alieleza kwamba watu ambao hawakuwa na majeraha ya kuonekana walikuwa wakiendelea kufa hospitalini wiki kadhaa baada ya mlipuko: walipoteza hamu ya chakula, nywele ziliwadondoka, madoa yaliwatokea mwilini na damu iliwatoka. Kwa kukosa jina la hali hiyo, aliiita tauni.

Siku chache baadaye, Jenerali Thomas Farrell wa mradi wa bomu la atomu aliwaeleza waandishi mjini Tokyo kwamba habari za ugonjwa wa mionzi hazikuwa na msingi. Kwa mujibu wa maelezo ya Burchett mwenyewe, aliposimama kubisha aliambiwa kwamba alikuwa ameangukia katika propaganda za Wajapani. Tarehe 12 Septemba, William Laurence wa New York Times aliandika kutoka uwanja wa majaribio wa New Mexico habari iliyounga mkono kanusho la jeshi. Laurence alikuwa ameajiriwa na mradi huohuo huku akiendelea kuwa mwandishi wa gazeti lake, na mwaka 1946 alipata Tuzo ya Pulitzer.

Ripoti ya Burchett haikukosa dosari. Alihusisha ugonjwa na mionzi iliyobaki ardhini, wakati madhara makubwa zaidi yalitokana na mionzi ya papo hapo ya mlipuko. Hata hivyo, katika jambo la msingi, yaani kwamba watu walikuwa wakifa kwa mionzi, yeye alikuwa sahihi na jeshi halikuwa sahihi. Maswali yetu matatu yanaonyesha sababu. Aliwaona wagonjwa kwa macho yake, hakuna ofisa wa Marekani aliyemfungulia mlango, na wagonjwa na madaktari walizungumza wakiwa vitandani na kazini, si chini ya ulinzi wa aliyetaka wakiri jambo. Ikumbukwe pia kwamba Daily Express lilikuwa gazeti la kihafidhina. Itikadi haitoshi kueleza ripoti hii.

4.0 Kesi za Ulaya ya Mashariki, 1949

Miaka minne baadaye picha ni tofauti kabisa. László Rajk, aliyekuwa waziri wa mambo ya ndani na baadaye wa mambo ya nje wa Hungaria, alishtakiwa mjini Budapest mnamo Septemba 1949 kwa ujasusi na njama. Alikiri mashtaka yote mahakamani na akanyongwa mwezi uliofuata. Mnamo Desemba mwaka huohuo Traicho Kostov alishtakiwa Sofia. Yeye aliyakana mahakamani maungamo aliyokuwa ameyatoa kabla ya kesi, naye pia akauawa. Katika kitabu chake cha mwaka 1951 kuhusu nchi za Ulaya ya Mashariki, Burchett alizichukua njama hizo kuwa za kweli. Mwaka 1956 watawala wa nchi hizo wenyewe waliwasafisha Rajk na Kostov.

Watetezi wa Burchett hukipita kipindi hiki kwa haraka. Makala haya yanaona kwamba hapa ndipo ilipo lawama kubwa zaidi dhidi yake, kwa kuwa kilichokuwa hatarini kilikuwa uhai wa watu na heshima ya majina yao. Aidha, hawezi kutetewa kwa hoja kwamba hakuwa na njia ya kujua. Kitendo cha Kostov cha kukana maungamo mbele ya mahakama kilikuwa onyo la wazi kwa mwandishi yeyote. Mashahidi walikuwa wafungwa. Waliofungua mlango wa mahakama ndio waliokuwa na funguo za gereza.

5.0 Korea, 1951–1953

Korea ni uwanja muhimu zaidi kwa hoja hii kwa sababu ripoti nzuri na mbaya za Burchett zinapatikana katika vita vilevile, na zote aliziandika akiwa mgeni wa upande uleule. Kuanzia Julai 1951 alikuwa Kaesong, na baadaye Panmunjom, akifuatilia mazungumzo ya kusitisha mapigano kutoka upande wa China na Korea Kaskazini. Maofisa wa Kamandi ya Umoja wa Mataifa waliwapa waandishi wa upande wao habari chache, na mara nyingine zisizo sahihi, kuhusu mstari wa mipaka uliokuwa ukijadiliwa. Waandishi wa magazeti ya Magharibi walianza kumfuata Burchett na mwenzake Alan Winnington wa Daily Worker ili kujua kilichokuwa kikiendelea ndani. Maofisa walijaribu kuzuia uhusiano huo, lakini haukukoma.

Vilevile, mwaka 1951 Burchett alifanya mahojiano na Jenerali William Dean wa Marekani, aliyekuwa ametoweka vitani tangu mwaka 1950. Habari na picha zake ziliuhakikishia ulimwengu, na familia yake, kwamba alikuwa hai. Dean alikuwa mateka, lakini jambo lililoripotiwa halikutegemea maungamo yake: sura yake katika picha ilitosha.

Tofauti na hayo ni madai ya mwaka 1952 kwamba Marekani ilikuwa ikitumia silaha za vijidudu. Burchett aliyaunga mkono kwa nguvu na kuyategemeza kwa maungamo ya marubani waliokuwa mateka. Marubani hao waliyakana maungamo yao waliporejea kwao mwaka 1953. Mwaka 1998 zilichapishwa nakala za nyaraka za Kisovieti, zikiwemo za mwaka 1953, zinazoonyesha kwamba madai hayo yalikuwa ya kubuni. Watafiti Stephen Endicott na Edward Hagerman, katika kitabu chao cha mwaka huohuo, walitetea uwezekano kwamba silaha hizo zilitumika. Aidha, kwa kuwa nyaraka za Kisovieti zilinakiliwa kwa mkono, wapo waliouhoji uhalisi wake. Kwa maoni ya makala haya, uzito wa ushahidi uko upande wa ubunifu. Hata kama suala hilo lingeachwa wazi, kosa la kimbinu la Burchett lingebaki palepale: neno la mateka alilifanya ushahidi.

Hivyo, ndani ya miaka miwili, mtu yuleyule mwenye upendeleo uleule aliandika habari ambazo wapinzani wake walizitegemea na habari ambazo hazikusimama. Upendeleo haukubadilika. Kilichobadilika ni uhuru wa mashahidi na uwezekano wa habari kuhakikiwa na upande wa pili.

6.0 Pasipoti, mahakama na fedha

Mwaka 1955 pasipoti ya Burchett ilipotea na serikali ya Australia ikakataa kumpa nyingine. Kwa miaka 17 alisafiri kwa hati za nchi nyingine, hadi serikali ya Gough Whitlam ilipomrudishia haki hiyo mwaka 1972. Katika miaka yote hiyo hakufunguliwa mashtaka ya uhaini. Alipomshtaki Jack Kane kwa kashfa mjini Sydney mwaka 1974, baraza la wazee wa mahakama liliona kwamba maandishi hayo yalimkashifu, lakini yalikingwa kisheria kwa kuwa yaliripoti maneno yaliyosemwa bungeni. Alishindwa kesi bila mahakama kuamua kwamba yaliyosemwa yalikuwa kweli.

Mwaka 2013 Manne alijadili waraka wa mwaka 1957 ambamo shirika la ujasusi la Kisovieti, KGB, liliomba Burchett alipwe rubli 20,000 kwa mkupuo pamoja na posho ya kila mwezi. Waraka huu ni mzito na hauwezi kupuuzwa. Malipo yaliyofichwa huondoa haki ya mwandishi kuitwa huru, na wanaomwita hivyo wanapaswa kubadili msimamo. Lakini kipimo hicho kikitumika kwa Burchett, kitumike pia kwa Laurence, ambaye malipo aliyopokea kutoka serikalini hayakumzuia kutunukiwa. Kulinganisha huku hakumsafishi Burchett. Kunaonyesha tu kwamba sifa ya mwandishi hutegemea ni nani aliyelipa, zaidi ya ukweli kwamba alilipwa.

7.0 Umuhimu kwa utafiti wa Afrika

Inaweza kupingwa kwamba mbinu ya kupima ripoti moja moja humpa mwandishi mwanya wa kukwepa hukumu ya maadili. Pingamizi hili lina nguvu, ila linachanganya kazi mbili. Tunaweza kusema bila kusita kwamba Burchett aliwakosea Rajk na Kostov, na bado tukaitumia ripoti yake ya Hiroshima. Vinginevyo, tungelazimika kuwanyima wagonjwa wa Hiroshima shahidi wao kwa dhambi aliyoitenda miaka minne baadaye.

Suala hili linatugusa kwa karibu. Mwaka 1978 Burchett alichapisha kitabu kuhusu mapambano ya Kusini mwa Afrika, yakiwemo ya Angola na Msumbiji. Sehemu kubwa ya kumbukumbu zilizochapishwa kuhusu harakati hizo, ambazo nyingi zilikuwa na ofisi Dar es Salaam, yalikokuwa pia makao makuu ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika, iliandikwa na wageni waliokaribishwa na harakati zenyewe. Kuzitupa kumbukumbu hizo kwa sababu waandishi wake walikuwa na upande ni kuziachia nyaraka za wakoloni uwanja wote. Kuzipokea zote bila kuuliza ni kuwasahau wapiganaji waliohojiwa kambini mbele ya makamanda wao. Mtafiti anayezitumia anapaswa kuuliza, kwa kila ukurasa, kama aliyesema angeweza kusema vinginevyo na akalala salama usiku huo.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba mgawanyiko wa "shujaa" na "msaliti" hautoshi kumwelewa Wilfred Burchett. Alikuwa na upande, na kuna ushahidi kwamba dola aliyoiunga mkono ilikusudia kumlipa. Hayo hayakuizuia ripoti ya Hiroshima kuwa sahihi, wala usahihi wa Hiroshima haukuzifanya ripoti za Budapest na za vijidudu kuwa kweli. Alipoona kwa macho yake, na wengine wakaweza kuhakiki, kazi yake ilisimama. Alipotegemea maneno ya watu waliofungwa, ilianguka, na walioumia zaidi ni hao waliofungwa. Mwanahistoria anayemsoma leo aanze na hali ya shahidi kabla ya kuihukumu imani ya mwandishi.