Kabla ya Switch Kulikuwa na Nomad

Muulize mpenzi yeyote wa gemu ni mashine gani ilianza kuchezwa mkononi na kwenye runinga pia. Wengi watakujibu bila kufikiri: Nintendo Switch, Machi 2017. Hapana jamani. Miaka 22 kabla yake, mwaka 1995, Sega walitoa Nomad kwa soko la Marekani. Ilikuwa ni Genesis nzima, ile mashine yao ya sebuleni, imebanwa hadi ikaenea mikononi. Ilikuwa na kioo chake, ikila kaseti zilezile za Genesis, na ukitaka unachomeka waya unacheza kwenye runinga. Kulikuwa hata na tundu la pedi ya mchezaji wa pili!

Sasa mbona Nomad inaitwa ya mkononi tu, halafu Switch ndiyo inaitwa chotara?

Wapo wanaosema sababu ni betri. Kweli, Nomad ilikuwa inabugia betri 6 za AA na baada ya saa chache zimekwisha. Lakini ulafi wa betri ni kasoro, haubadilishi aina ya mashine. Mimi naona jibu liko kwenye gemu zenyewe. Zile za Nomad zilitengenezwa kwa ajili ya runinga. Kwenye kile kioo kidogo zilikuwa wageni. Switch imepangwa kwa hali zote mbili tangu mwanzo. Ukiichomoa kwenye kitako chake, prosesa inapunguza kasi na picha inatoshea kioo cha 720p. Ukiirudisha, kasi inapanda na picha inaweza kufika 1080p. Kitako chenyewe hakina ubongo wowote. Kinapitisha umeme na picha, basi.

Kinachochekesha ni kwamba Nintendo wenyewe, walipoitangaza Oktoba 2016, waliiita mashine ya nyumbani. Nadhani hiyo ilikuwa lugha ya dukani. Walikuwa bado wanauza 3DS, mashine yao ya mkononi, na nani anataka kumzika mtoto wake akiwa hai? 3DS iliendelea kutengenezwa hadi 2020.

Halafu 2019 wakatoa Switch Lite, na hapo hoja yangu ikaanza kuyumba. Lite haiungi na runinga kabisa, na pedi zake hazichomoki, ila inacheza karibu gemu zote za ndugu yake. Kama gemu ndizo zinazoamua, basi Lite nayo ni chotara, jambo ambalo yeyote aliyewahi kuishika atalikataa. Kwa hiyo lazima nikubali kwamba umbo nalo lina kura yake. Na nikishakubali hivyo, Nomad ile, na waya wake wa runinga, siwezi tena kuiita ya mkononi tu.