Kahawa ya Kabete na Mchu wa Pwani

Baba alikuwa kibarua wa kahawa Kabete, kwenye maabara tuliyoiita kwa Skoti tu pale nyumbani Kangemi. Jengo lilianza mwaka 1913 kama mahali pa wagonjwa kupata nafuu, likapewa jina la Henry Scott wa misheni ya Waskoti. Vita vikaligeuza hospitali, na mwaka 1922 Idara ya Kilimo ikahamia humo.

Habari za SL28, aina ya kahawa iliyotoka maabara hiyo, husimuliwa kwa ladha, na kikombe chake kinastahili sifa. Mimi huvutiwa zaidi na kiu. Mwaka 1931 A. D. Trench, ofisa wa kahawa, alizunguka Tanganyika akaona huko Monduli mibuni iliyohimili ukame. Mbegu zikaletwa Kabete, na mwaka 1935 ukateuliwa mti mmoja katika uzao ule: ndio uliozaa SL28. Yote yalianza kwa macho, kwa kutazama mti unavyosimama jua linapokaza.

Yanayotokea ndani ya jani yalifahamika baadaye sana. Jani lenye kiu hufunga matundu yake. Chumvi nayo huleta kiu hiyohiyo: maji yamo udongoni, ila mizizi haiwezi kuyavuta. Matundu yakifungwa hewa ya ukaa haiingii, ila jua halipumziki, nguvu yake inakosa kazi, na oksijeni inageuka kali, ikaunguza seli. Mwaka 1969, huko Duke, Marekani, Joe McCord na Irwin Fridovich walieleza kimeng'enya kiitwacho supaoksaidi dismutesi, kinachoigeuza oksijeni hiyo kuwa haidrojeni peroksaidi. Hiyo nayo ni sumu, lakini katalesi na peroksidesi huivunja ikabaki maji. Mmea ambao jeni zake huamka mapema kutengeneza vimeng'enya hivi una nafasi nzuri zaidi ya kupona.

Mwaka 2008 watafiti wa Chennai, India, walitangaza kwamba wametoa jeni ya supaoksaidi dismutesi kwenye mchu, mkoko uleule unaoota Gazi na Lamu, pwani ya Kenya, wakaitia kwenye mpunga. Mpunga ukavumilia chumvi, na ukame pia. Jeni moja, adha mbili!

Udongo mwekundu wa Kabete hauna chumvi ya kulalamikiwa. Yenye shida hiyo ni mashamba ya umwagiliaji ya Bura na Hola. Ila vipimo vya udongo wa nchi nzima vina makao Kabete tangu miaka ya 1970. Ningekuwa na sauti pale, ningetuma mtu Hola akaulize wakulima ni mmea gani uliobaki kijani kwenye kipande kilichoharibika, alete mbegu zake, ndipo jeni zisomwe.